Faida ya Uendeshaji, Mwaka 1999

Olmotonyi, 3 Oktoba 1999

Mwanangu Nashipae,

Salamu nyingi. Sisi wazima, isipokuwa mgongo wa mama yako, nao umeshakuwa mwenyeji hapa nyumbani. Wewe na wenzako wa ofisini huko Themi hamjambo?

Nakuandikia kwa ajili ya kaka yako. Lemburis alikuja Jumapili iliyopita kutoka Mererani, anasema udongo unadondoka shimoni na anataka kuacha kazi. Mimi sijui nimwambie nini. Kampuni yenu haijanunua magogo yangu tangu Machi, nikadhani imefilisika. Wewe ndiye unayeandika vitabu vyao vya hesabu. Ni nzima? Abaki au atoke?

Baba yako

Themi, 11 Oktoba 1999

Shikamoo baba,

Nimefurahi kupata barua yako. Mimi mzima. Mpe mama pole.

Kufilisika? Baba, wewe! Faida ya uendeshaji imepanda kwa robo nzima kuliko mwaka jana. Yaani chukua mauzo ya mawe, toa mishahara, dizeli, baruti, chakula na kila kinachotumika kuendesha mgodi. Kinachobaki ndicho hicho. Riba ya benki na kodi vinakatwa baadaye. Wenye kampuni wanaangalia mstari huo tu. Desemba kutakuwa na bonasi. Mwambie Lemburis aache uoga, avumilie miezi miwili.

Binti yako,
Nashipae

Olmotonyi, 24 Oktoba 1999

Mwanangu,

Hatujambo, tunakuombea. Kaka yako amekusikia, amerudi shimoni. Anakuamini kuliko anavyoniamini mimi, na ni sawa, wewe ndiye uliyesoma.

Ila maneno yako hayajanikaa vizuri. Lemburis anasema mawe wanayotoa ni yale yale na bei haijapanda. Mimi nikiuza maziwa yale yale kwa bei ile ile na mfuko ukatuna, basi kuna ng'ombe sijamlisha. Ni gharama gani imepungua? Hebu angalia.

Baba yako

Themi, 29 Oktoba 1999

Shikamoo baba. Salamu nyingine zisubiri, nisamehe.

Mimi huletewa jumla tu. Leo nimefungua daftari la matumizi la mgodi wenyewe. Magogo ya kushikilia paa la shimo: tangu Machi, sifuri. Si kwamba wamepata muuzaji mwingine, baba, hawanunui kabisa. Karibu faida yote iliyoongezeka imetoka hapo.

Nimeongea na msimamizi wa mgodi kwa redio ya upepo, kasema nisiwatie watu hofu. Solomoni dereva atakufikishia hii. Mimi napanda gari la Mererani sasa hivi, nikamtoe.

Nashipae

Themi, 6 Machi 2000

Shikamoo baba,

Natumaini wewe na mama mnapata nguvu kidogo kidogo. Hii ni barua ya nne tangu tumzike Lemburis na hujajibu hata moja. Sikulaumu. Nilifika saa nane mchana, paa lilikuwa limeanguka saa nne asubuhi. Mimi ndiye niliyemwambia avumilie, na sijui nitaishije na hilo.

Leo nimepewa taarifa ya mwaka niichape. Nikamtafuta kaka humo. Jeneza, gari la kumleta nyumbani na zile laki tano za rambirambi ulizozikataa vimewekwa chini kabisa, baada ya faida ya uendeshaji, kwenye gharama zisizo za kawaida. Nilimuuliza mhasibu mkuu kwa nini. Akanieleza kwa upole kwamba kifo hakitokei kila mwaka, kwa hiyo si sehemu ya kuendesha mgodi.

Ule mstari wanaouangalia haukupungua hata senti, baba.

Nimeichapa. Niandikie, hata kama ni kunitukana.

Binti yako,
Nashipae