Blanketi la Bi Eufemia Lililoondolewa Meza Namba Nne

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo cha Polisi Puerto Almagre, Mkoa wa Santa Cruz, Ajentina
Jumanne, tarehe 18 Februari 2014, kuanzia saa 4:15 asubuhi

Jina: Nélida Oyarzún
Umri: Miaka 62
Kazi: Mmiliki wa kikosi cha wanyoaji kondoo, mashine nane
Makazi: Mtaa wa Reli ya Zamani, nyumba namba 31, Puerto Almagre

Mimi niliyetajwa hapo juu naeleza, baada ya kuonywa kusema kweli tupu, kwamba kilichopotea ni blanketi moja la sufu, kijivu lenye miraba ya kahawia, mali ya mama yangu mzazi Bi Eufemia MacRitchie, mwenye umri wa miaka 94. Lilitolewa kwenye meza namba nne ya maonyesho siku ya Jumamosi tarehe 15 Februari 2014, kati ya saa 8:30 mchana na saa 9:40 alasiri. Siku hiyohiyo, kabla ya saa 12:10 jioni, likaondolewa kabisa ukumbini. Mpaka naandikisha haya sijaliona tena.

Blanketi hilo lilifumwa na bibi yake mama katika kisiwa cha Lewis, Uskoti, mwaka 1893, na mwaka huohuo likaja huku kwa meli pamoja na mwenyewe. Nililipima kabla ya kuliazimisha. Urefu mita 2.10, upana mita 1.60, uzito kilo 2 na gramu 400. Pembe moja imetiwa kiraka na mama mwaka niliozaliwa mimi. Mama hulala nalo magotini kwenye nyumba ya wazee. Wauguzi hawalifui. Nalifua mimi, maji baridi, mara moja kwa mwaka.

Mnamo tarehe 3 Februari 2014, saa 5 asubuhi, alinipigia simu don Guillermo Urquhart, mwenyekiti wa chama cha wajukuu wa visiwa vya Hebridi, huko Uskoti. Alisema mkutano wa koo wa mwaka huu utakuwa na meza za vitu vya kale, akaomba blanketi. Afisa aelewe kwamba babu yangu mzaa mama alikuwa mchungaji wa kondoo kwenye shamba la babu yake don Guillermo, kibandani, kilomita 40 kutoka kwa jirani. Mimi nilianza kama mpishi wa wanyoaji nikiwa na miaka kumi na saba. Katika miaka thelathini ya mikutano hiyo hakuna aliyewahi kuniomba chochote isipokuwa nyama. Nilikubali. Nilitaka risiti yenye vipimo, akaniandikia na kutia sahihi: "Litarudishwa siku hiyohiyo saa 12 jioni, kama lilivyo." Risiti ninayo, nimemkabidhi afisa nakala.

Siku ya mkutano nilimfikisha mama ukumbini saa 4:50 asubuhi kwenye kiti chake cha magurudumu. Ukumbi ni ule wa maonyesho ya kondoo. Mlangoni wanagawa beji: ya buluu ni ya wanaukoo, ya njano ya wageni. Mama alipewa ya buluu. Mimi nikapewa ya njano, kwa sababu jina langu ni la baba, na baba alikuwa mtu wa kisiwa cha Chiloé, si wa Uskoti. Nilimuuliza katibu, Bi Mirta Finlayson, "Huyu amenizaa mimi, au nimemwokota njiani?" Akacheka, akasema, "Usinianzie, Nélida, orodha imeandikwa na kompyuta." Nikaivaa hiyo ya njano. Niliweka blanketi meza namba nne mwenyewe, nikalikunja mara nne.

Saa 8:30 mchana niliitwa uwanjani kuwa mwamuzi wa mashindano ya kunyoa kondoo. Kazi hiyo hunichukua saa moja na dakika kumi. Mama nilimwacha ndani, karibu na jiko, na kikombe cha chai. Nilipita meza namba nne nikaliona blanketi lipo.

Nilirudi saa 9:40 alasiri. Meza namba nne ilikuwa na sahani ya keki na karatasi yenye jina la mama. Blanketi halikuwepo. Nilimuuliza mlinzi wa meza, mzee wa sketi ya miraba, akasema alikuwa amekwenda kuangalia kondoo wa kuchoma.

Wakati huo nilisikia wanawake wakiimba mwisho wa ukumbi. Kila mwaka huonyesha jinsi bibi zao walivyoponda kitambaa cha sufu. Wanakaa kuzunguka meza ndefu, kitambaa kimelowa maji moto na sabuni, wanakipiga mezani kwa pamoja, wanakipokezana, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mpaka nyuzi zishikane na kitambaa kiwe kizito cha kuzuia upepo. Hiyo ni kazi ya kitambaa kibichi, kilichotoka kwenye mtambo wa kufumia. Blanketi kuukuu halipondwi. Mtu yeyote aliyekaa na sufu anajua maji moto na kipigo vinafanya nini.

Nilihesabu wanawake kumi na wawili. Wa kumi na tatu, aliyekaa kichwani mwa meza, alikuwa mama yangu. Mikono yake ilikuwa na povu hadi kwenye viwiko. Na walichokuwa wanakiponda kilikuwa na kiraka pembeni.

Nilipiga kelele. Sikumbuki nilisema nini, ila Mirta anadai nilisema, "Mikono juu ya meza wote!" Waliacha. Mama hakuacha. Alipiga mara mbili zaidi peke yake, akamaliza ubeti, ndipo akanitazama.

"Umelowa, Mama," nilimwambia.

"Na wewe unanuka kondoo," akasema. "Kaa. Hapa pana nafasi ya mtu mmoja."

Mirta akaanza kueleza kwa haraka. Kitambaa walichoagiza kutoka mji wa Trelew hakikufika, basi limezuiwa na upepo tangu Ijumaa. Watu mia mbili walikuwa wamekaa wakisubiri, meza haina kitu. Alisema, "Sikuiba, Nélida, naapa. Bi Eufemia mwenyewe aliniita, akaninyooshea kidole meza namba nne, akasema, chukueni lile langu."

Nilimuuliza mama mbele yao wote: "Ulisema hivyo?"

Akasema: "Nilisema. Wewe uliniuliza kabla hujampa Guillermo?"

Sikumuuliza. Nilimwambia tu tarehe 4 kwamba litakwenda mkutanoni na litarudi. Hilo naliandikisha kwa sababu nimeonywa kusema kweli.

Mama alieleza hivi, kwa Kihispania, polepole. Bibi yake alikata blanketi kutoka kwenye mtambo siku tatu kabla ya meli. Ilipaswa wanawake wa kijiji wakutane waliponde, hapakuwa na muda, na wengine walikuwa wameshaondoka. Akaja nalo hivyohivyo, limelegea. Huku kibandani, tangu afike mpaka anakufa, hakuwahi kupata wanawake kumi na wawili mahali pamoja. Hakuwahi kupata hata watatu. "Kila majira ya baridi alikuwa akiniambia," mama alisema, "upepo unapita humu kwa sababu hatukulimaliza. Leo nimewaona hawa wamekaa mikono mitupu. Ningengoja nini, mwanangu? Mwaka kesho?"

Mirta alikuwa analia. Nilimwambia asilie ndani ya beseni.

Saa 9:55 alasiri nilikaa. Nilivua saa ya mkononi na ile beji, nikaviweka mfukoni. Hata hapo palizuka ubishi. Desturi ni kukipitisha kitambaa kuzunguka meza kwa kulifuata jua, na wao walikuwa wakikipitisha kushotoni, kama walivyofundishwa na kitabu. Mama alisema wanakosea.

"Ndivyo wanavyofanya Lewis, Bi Eufemia," mmoja akamjibu.

"Lewis jua linapita kusini. Hapa linapita kaskazini. Ukifuata la kule unakwenda kinyume na lako."

"Sasa tufuate jua gani?"

"Lililokukaushia nepi," mama akasema. "Geuzeni."

Wakacheka mpaka meza ikatikisika, wakageuza. Mama akaanza wimbo mwingine. Mimi sikuwahi kuusikia. Ulikuwa wa Kigaeli, lugha ya watu wa Lewis, na mimi Kigaeli sijui, ila alinieleza baadaye kuwa ni wa ng'ombe mwekundu anayekataa kukamuliwa na mtu yeyote isipokuwa aliyemlea. Una beti kumi na moja. Wauguzi wanajua kwamba kuna siku mama hakumbuki jina langu. Beti zote kumi na moja alizikumbuka. Niliitikia niwezavyo.

Jirani yangu mezani akaninong'oneza, "Wewe Nélida, hata hapa unahesabu mapigo?"

Nikamwambia, "Mia nne na sita. Na wewe umekosa manne."

Tulimaliza saa 10:25 jioni. Nililipima palepale kwa futi ya fundi cherehani ninayotembea nayo. Urefu mita 1.54, upana mita 1.17. Kutoka mita za mraba 3.36 limebaki 1.80, yaani nusu na kidogo. Nililiinua mbele ya dirisha. Zamani ulikuwa unaona mwanga kati ya nyuzi. Sasa huoni. Sufu haikupotea hata unyuzi. Zilizopotea ni nafasi.

Mama alilishika, akalipima magotini likiwa majimaji vilevile. "Limesinyaa," nilimwambia. Akasema, "Na mimi pia. Sasa tunatoshana."

Don Guillermo alikuja wakati huo. Alipoona, uso ulimbadilika. Anaijua risiti yake na anajua aliandika nini. Alisema mara tatu, "Nisamehe, Bi Eufemia." Mama akamwambia, "Nikusamehe nini? Leta keki." Hakuleta. Alibaki amesimama, ameshika kofia.

Saa 11:20 jioni nilimrudisha mama nyumba ya wazee, kwa sababu alikuwa amelowa na upepo ulikuwa mkali. Blanketi lilikuwa zito kwa maji, nikaliacha limetandazwa juu ya meza ndefu, nikamwambia Mirta nalirudia. Nilirudi saa 12:10 jioni. Ukumbi ulikuwa umefungwa. Mirta alikuwa anapakia viti. Alisema don Guillermo amelichukua garini kwenda kulikausha nyumbani kwake, na kwamba nisijali.

Jumapili tarehe 16, saa 3 asubuhi, nilimpigia simu. Mazungumzo yalikuwa hivi:

"Don Guillermo, blanketi liko wapi?"

"Liko salama, Nélida."

"Salama ni wapi?"

"Nipe siku chache. Niliahidi kama lilivyo, nitarudisha kama lilivyo."

Akakata. Nilipiga tena mara tisa.

Jana Jumatatu, saa 7 mchana, Mirta alikuja kwangu. Alisema ameona kwa macho yake bandani kwa don Guillermo: amepigilia fremu ya mbao ya mita 2.10 kwa 1.60, amelilowesha blanketi tena, amelifunga kwa kamba pande zote, na kila asubuhi anakaza kamba. Anataka kulirudisha kwenye kipimo cha risiti. Mirta alimwambia aache, akamjibu: "Siwezi kumrudishia mtoto wa mchungaji wetu nusu ya kitu. Nitamtazama vipi?" Mirta anasema upande wenye kiraka umeshaanza kuachia.

Niliendesha kilomita 68 hadi kwake, nikafika saa 9:15 alasiri. Lango lilikuwa na mnyororo na kufuli. Gari lake lilikuwa ndani. Nilipiga honi dakika ishirini.

Namfahamu don Guillermo miaka hamsini. Si mwizi, na sikuja hapa aitwe mwizi. Ni mtu aliyeaibika, na mtu wa kwao akiaibika hujifungia na kufanya kazi. Lakini wanawake kumi na wanne walilimaliza blanketi lile baada ya miaka 121, na yeye bandani analifumua peke yake, kwa nia njema.

Mwanzoni nilimwambia afisa aandike kwamba blanketi "limeharibiwa ukumbini." Naomba maneno hayo yafutwe, na badala yake iandikwe "limemalizwa." Afisa amefuta mbele yangu, na nimetia sahihi pembeni.

Mama hajui liko kwenye fremu. Nimemwambia linakauka. Usiku wa tatu huu muuguzi anasema anapapasa magoti yake na kuuliza kama nguo imekauka, na hawamjibu kwa sababu mimi sijawapa la kujibu.

Sidai fidia. Risiti naifuta, naomba asomewe hilo: ile ahadi ya "kama lilivyo" simdai tena. Barua sitaki, wala maua, wala hotuba mwaka ujao. Don Guillermo Urquhart ajibu maswali mawili tu, kwa mdomo wake, si kwa kumtuma mtu: Je, amekata zile kamba? Na analileta saa ngapi? Anijibu, na blanketi liwe limefika, kabla ya Alhamisi tarehe 20 Februari, saa 6:00 mchana. Mama huamka usingizi wa mchana saa 6:30, nami nataka alikute magotini.

Niliyoyaona, niliyoyapima na niliyoyasikia ni hayo, na yote ni yangu.

Sahihi ya shahidi: N. Oyarzún

MAELEZO YA AFISA: Nimemsomea shahidi maelezo haya, ameyakubali kuwa sahihi na ametia sahihi mbele yangu saa 5:40 asubuhi. Don Guillermo Urquhart amepigiwa simu mara mbili kutoka kituoni, hajapokea. Nakala naipeleka mwenyewe leo. Lango likiwa limefungwa, nitamsomea nikiwa nje ya ua.

Inspekta Abel Antilef