Leseni ya Lori la Bwana Salum

Jumatatu, 7 Julai 1947

Magunia tena. Karanga asubuhi, nta mchana. Bega la kulia limevimba. Burma niliendesha lori la Keya, jeshi la Mwingereza, milimani na matopeni, mabomu yakianguka. Narudi Tabora naambiwa dereva ni mwenye leseni. Basi mimi kuli. Nayachukia magunia haya.

Lakini si kwa muda mrefu. Kuendesha nimeshapimwa, na inspekta hakuona pa kunishika. Yamebaki maswali ya sheria za barabarani, Ijumaa, polisi. Bwana Salum, mwenye duka na magunia yote haya, amenunua lori la kwenda Sikonge. Nikifaulu, usukani ni wangu. Nikishindwa, atamchukua dereva mmoja wa Nzega. Huyo wa Nzega atafute kazi kwingine.

Jumanne, 8 Julai

Nimemaliza kijitabu. Mkono ulionyooka, nakata kulia. Unaozunguka, kushoto. Unaopanda na kushuka, napunguza mwendo. Mambo ya watoto. Mke wangu, Mama Yosefu, ananiuliza huku anachambua mchele, najibu kabla hajamaliza swali. Ananiambia nisivimbe kichwa. Kimeshavimba.

Jumatano, 9 Julai

Siku mbaya.

Kumbe polisi wana meza iliyochorwa barabara, na vigari vya mbao. Unasukuma chako na kueleza. Mama Yosefu akachora njia panda kwa mkaa juu ya meza yetu. Punje za karanga ndiyo magari, kiberiti ndilo lori langu. Akatanguliza punje moja, ikavuka. Nikasukuma kiberiti nyuma yake. Akaleta punje nyingine kutoka kulia. Nikaigonga.

"Baba Yosefu, umeua."

Tukarudia. Nikaua. Tukarudia tena. Nikaua. Akacheka mpaka machozi, kisha akawala maiti. Nimetoka nje bila kula. Nimekasirika, na si kwa sababu yake.

Sababu naijua. Burma tulikwenda kwa msafara, usiku bila taa. Chini ya kila lori, nyuma, palipakwa chokaa, nawe ulifuata weupe ule tu. Anayesimama anavunja msafara, na msafara wote unamtukana. Njia aliiangalia wa kwanza. Sisi wengine tuliangalia mgongo. Siku moja wa kwanza aliingia kwenye bwawa la matope. Tukamfuata wote, kwa nidhamu kabisa.

Naogopa kidogo. Kichwa kinajua sheria, mkono haujui.

Alhamisi, 10 Julai

Baada ya kazi nimekwenda kusimama njia panda ya Kitete. Magari machache, baiskeli tele. Kila aliyepita nyuma ya mwenzake nilimchunguza: huyu kaona, au kafuata tu? Wengi wamefuata. Jamaa mmoja mwenye tenga la kuku nusura aingie chini ya gari la mapadre. Yule aliyemtangulia wala hakugeuka. Alishavuka, yake yamekwisha.

Nimerudi nyumbani nikaomba karanga. Hakufa hata mmoja. Mama Yosefu amesikitika, alikuwa na njaa.

Ijumaa, 11 Julai

Inspekta anauliza kwa Kiingereza, sajini anatafsiri. Alama za mkono, zote. Mwendo wa mjini, sawa. Ng'ombe barabarani, sawa. Najibu kama bomba lililofunguliwa. Ndipo wakanipeleka mezani.

Inspekta akaweka kigari mbele yangu, akakivusha njia panda. Mkono wangu ukaanza kwenda. Kweli ulianza, niliuona. Nikaukaza palepale kwenye mstari.

Akauliza kwa nini nimesimama, na mwenzangu amepita salama.

Nikamwambia sajini: "Afande, huyo ameona yake. Mimi sijaona yangu."

Sajini akatafsiri. Inspekta akatoa kigari alichokificha kiganjani, akakipitisha kutoka kulia, taratibu, mbele ya pua ya lori langu.

Nimefaulu. Nimefaulu! Bwana Salum kasema mashallah, Jumatatu safari. Nimekwenda nyumbani kwa njia ya mbali ili watu wengi wanione.

Jumatatu, 14 Julai

Sikonge na kurudi. Vumbi, madebe ya asali, lori zuri ila linavuta kushoto. Bwana Salum alikaa pembeni yangu njia nzima. Wakati wa kupakia nimebaki kwenye kiti. Nilidhani nitafurahi zaidi. Nimewaonea huruma wale vijana waliopakia.

Tumeingia mjini, mtaa wa Chemchem, jua likizama. Mbele yetu lori jingine, likavuka njia panda bila kupunguza mwendo. Nikasimama.

"Twende, Petro, njia nyeupe. Magharibi itanipita. Mwenzio si amepita?"

Ndiye tajiri wangu, na hii ni siku yangu ya kwanza. Nikageuza kichwa. Kulia. Kushoto. Kulia tena. Hakukuwa na mtu wala kuku. Nikatia gia, tukavuka. Swala yake aliiwahi.