Nimemfukuza Mama Mkwe, Sasa Namtengeneza kwenye Kompyuta

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, nakuandikia kwa mkono mmoja maana wa pili umembeba mtoto na nikimweka chini tu analia. Kazi yangu ni kutengeneza muziki mfupi wa matangazo, nafanyia hapa hapa nyumbani kwenye kompyuta, na mama mkwe alikuwa anakuja kunishikia mtoto, anamwimbia mdomo umefumba, mmm, mmm, mara mtoto kalala, ila mdomo huo ukifunguka sasa, mshauri! Siku mteja amekuja kusikiliza kazi, mama akauliza mbele yake, "Mwanangu, hilo si friji linanguruma?" mteja akacheka, mimi nikapandwa na hasira nikamwambia, "Mama, nyumba hii ina mlango," akainuka, akavaa viatu vyake akaenda kwake mtaa wa pili, ndala zake za humu ndani bado ziko mlangoni.

Nikajisemea, kwani hiyo mmm ni kitu gani, si sauti tu? Nikafungua sinthesaiza, ile programu ya kuunda sauti kwenye kompyuta, nikachora envelopu, yaani ule mstari unaopanga sauti ianze vipi na iishe vipi, nikafanya iingie taratibu kama yeye, maana mama hashtui mtoto, itulie, na mwishoni isikatike, iache pumzi. Nikaja kwenye modulesheni, ule mtikisiko, nikakumbuka sauti yake haitetemeki mwanzoni, inatetemeka akishaishikilia kidogo, basi nikauchelewesha, nikauvuruga kidogo pia, maana yeye hatetemeki kwa mpango kama mashine. Mshauri, ikatoka yeye mtupu, mpaka mume wangu akaingia akauliza, "Mama amekuja saa ngapi?" Mtoto akanyamaza. Kisha akageuza shingo akatazama mlango, akasubiri, akasubiri, halafu akalia kilio ambacho sijawahi kukisikia, na kila nikiipiga ni hivyo hivyo.

Mume anasema Jumapili mama anahamia kwa wifi yangu, mbali. Mimi kumwangukia siwezi, atanitangaza mtaa mzima. Niambie tu nirekebishe wapi, envelopu au mtikisiko?

Mama Macho Mekundu

*

Mama Macho Mekundu,

Barua yako niliiweka chini nikacheka kwanza. Bibi wa mtoto yuko mtaa wa pili, ana mwili wake na mikono yake, na wewe umekaa unachonga bibi mwingine kwa kipanya! Pole kwa uchovu, naujua. Na kukutania mbele ya mteja haikuwa adabu. Lakini mama aliitania kazi, wewe ukamfukuza mtu. Usijifanye huoni tofauti.

Eti urekebishe wapi. Sauti haina kasoro, hata mumeo kadanganyika. Mtoto ndiye kila siku unamwitia bibi yake halafu bibi haji. Huo ni ukatili, mdogo wangu, hata kama umeuchora vizuri.

Atakutangaza? Akutangaze! Si ndiyo kazi yako, matangazo? Na hebu nijibu: kwamba sauti yake hutetemeka akishaishikilia, ulijuaje? Mtu hamsikilizi hivyo mtu asiyempenda. Ulikuwa umeinamia kompyuta, unajifanya una kazi, kumbe unasinzia na wewe.

Sasa fanya hivi, tena leo, kabla mumeo hajajipa cheo cha msuluhishi. Zima kompyuta. Beba mtoto, chukua na ndala. Ukifika usianze na "kama nilikukosea". Sema, "Mama, nilikufukuza, nimekosa, nisamehe," kisha funga mdomo. Akitaka kukusema, akuseme mpaka achoke. Akiamua kuhama bado, ni haki yake, nawe utamsaidia kufunga mizigo. Akikubali kurudi, mwambie kwa heshima kwamba mbele ya mteja utani hapana. Na ile sauti usimpigie mtoto tena.

Aliyesema nyumba ina mlango ni wewe. Mtoto kila siku anakuonyesha mlango huo ulipo. Haya, toka.