Wageni Wetu wa Kwanza na Kikombe cha Mursik

Jumanne, 5 Agosti

Nimepiga pasi shuka za chumba cha wageni mara ya pili. Kibet ananicheka. Acheke tu! Miezi mitatu ya ndoa, na bado nikisikia ufunguo wake mlangoni moyo unaruka.

Wageni wetu wa kwanza kukodi chumba mtandaoni wanaingia jioni. Mzee Musyoka na mkewe, Mama Mutua, kutoka Machakos. Wakitusifu, wengine watakuja. Wakituponda, Kibet atarudi kuendesha lori la Juba. Mwezi mzima barabarani, nyumbani siku mbili. Sitaki. Sitaki kabisa.

Baadaye. Wamefika. Mama Mutua aliingia akinusa. Maji ya kuoga si moto. Godoro ni laini mno. Mbwa wa mtaa wetu huu wa West Indies wanabweka sana. Blanketi hazitoshi. Nimempa yetu. Leo tunajifunika leso na koti la Kibet. Silalamiki!

Jumatano, 6 Agosti

Chai imerudishwa. Mayai yameiva sana. Mengine hayajaiva. Mzee Musyoka anakula na kunitazama kwa huruma.

Nikaamua kumfurahisha Mama Mutua. Mama mkwe alituletea mursik kutoka kijijini kwao Ziwa, maziwa yaliyolala kwenye kibuyu chenye mkaa wa mti hadi yakachacha na kuwa ya kijivu. Nikammiminia kikombe kizima. Akachungulia ndani.

"Wewe msichana, umenipa maziwa na majivu?"

Akamwaga kwenye sinki. Akapiga picha ya kilichobaki. Eti ataiweka mtandaoni watu wajionee.

Nimelia bafuni. Kibet amesema labda ampigie mwenye lori. Nikalia zaidi.

Alhamisi, 7 Agosti

Nilikuwa naanika nguo Mzee Musyoka akanisimulia kilichowaleta. Jumamosi wanaenda Ziwa kwenye koito, kikao cha familia mbili kukubaliana mahari. Mutua wao anaoa msichana wa huko.

Nikaacha nguo kwenye beseni. Mungu wangu. Kitu cha kwanza kupewa huko ni mursik! Mama wa bwana harusi aimwage mbele ya wakwe?

Najua ninachosema. Mimi mwenyewe si wa kabila la kina Kibet, ni Mkikuyu wa Timboroa. Kwenye koito yangu baba aliinywa macho yamefungwa, kama anameza kwinini. Lakini aliimaliza.

Nilitaka kunyamaza. Aende akaaibike. Nina hasira naye, acha niseme ukweli. Halafu nikamfikiria huyo msichana wa Ziwa. Kama anampenda Mutua nusu ya ninavyompenda Kibet! Nikaingia ndani.

"Mama, kikombe kama kile ndicho utakachopewa Jumamosi; ukikimwaga, umemwaga harusi."

Akakaa chini taratibu. "Kumbe si uchafu?"

"Ni mkaa, Mama. Ndio unaoyapa ladha. Na ndiyo heshima yao."

Akaniomba nimfundishe kuinywa.

Ijumaa, 8 Agosti

Mazoezi mezani! Kikombe cha kwanza alifika nusu, akashika pua.

"Usishike pua, Mama, watakuona!"

Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Huyu amenikataza pombe maisha yote. Leo yeye ndiye anafundishwa kunywa."

"Nyamaza, Baba Mutua. Wewe kesho utakunywa viwili."

Cha tatu alikimaliza. Akauliza kama kuna sukari. Hakuna! Kisha akakumbuka kuniambia taulo ni ngumu.

Jumamosi, 9 Agosti

USHINDI! Walirudi jioni wakiimba ndani ya gari. Mama Mutua alipewa kikombe mbele ya ukoo mzima. Akakikausha. AKAOMBA KINGINE! Akina mama wa Ziwa wakapiga vigelegele, na mazungumzo yote yakaenda kama maji. Mahari imekubaliwa.

Alinikumbatia hadi mbavu zikauma. Akaifuta ile picha mbele yangu. Akaandika mtandaoni kwamba godoro letu ni laini mno, mbwa ni wengi, na hajawahi kutunzwa hivi na mtoto ambaye hakumzaa. Nyota zote tano!

Kibet alinibeba akanizungusha jikoni. Sufuria zikaanguka. Ziache.

Jumapili, 10 Agosti

Wameondoka baada ya kanisa. Wameshika chumba tena kwa ajili ya harusi, Desemba. Jioni kuna mtu mwingine ameulizia chumba.

Kibet amempigia mwenye lori. Amemwambia atafute dereva mwingine.

Mvua ndogo nje. Amelala kwenye kochi, mdomo wazi, soksi moja tu mguuni. Naandika polepole nisimwamshe.