Waliochoma Matofali

Alhamisi, Stratford

Tak, tak, tak. Kalamu ya msimamizi wangu ikigonga sura ya kwanza ya tasnifu yangu. Bado naisikia.

Sura yenyewe inahusu watumwa waliochoma matofali ya chuo kimoja kusini mwa Marekani, katika jimbo ambalo sheria yake ilikataza kuwafundisha kusoma. Kwenye baadhi ya matofali hayo bado kuna alama za vidole vyao.

"Inasikitisha," alisema, "lakini hii ni historia ya elimu, si ya ujenzi. Iweke kwenye tanbihi."

Tanbihi! Rais wa chuo, aliyewamiliki, ana kurasa ishirini. Wao mstari mmoja wa herufi ndogo.

Nami nikajibu "sawa," kama mtoto aliyekaripiwa. Hilo ndilo linaloniuma zaidi. Ndani ya treni nilianza kweli kuikata. Yeye ndiye atakayesahihisha, na alama zikiwa mbaya, nafasi ya udaktari...

Mama, anayesafisha madarasa ya chuo kingine hapa Landani, alirudi kutoka kazini nikamsimulia huku akivua viatu.

"Kwa hiyo na mimi ni tanbihi?"

"Mama, si mimi niliyesema."

"Wewe ndiye uliyesema sawa, msomi wangu." Akacheka. Mimi sikucheka.

Sura nimeirudisha mwanzoni kabisa, nikaongeza kurasa mbili. Nimemtumia msimamizi saa moja jioni, na sikuomba radhi.