Picha ya Kusubiri Mlangoni

Jumanne, Chake Chake. Mvua ya vuli tangu alfajiri, na roho haijatulia.

Wewe uliyeufungua ukurasa huu, nakuomba kwa jina la Mungu, usimwambie mtu hata neno moja. Mimi ni karani mdogo wa serikali na bado sijathibitishwa kazini. Haya yakimfikia Bwana Mkubwa kabla sijamwambia mwenyewe, nimekwisha.

Nimetolewa kwenye mafaili, nikapewa penseli. Bwana Mkubwa, Mwingereza mwenye kushughulika na gari la sinema linaloonyesha filamu vijijini, aliniona nikichora pembeni mwa karatasi, na badala ya kunikaripia akasema tutatengeneza filamu ya katuni juu ya malaria. Kwanza tunachora kisa chote picha moja moja, tunazibandika ubaoni kwa mpangilio, na chini ya kila picha naandika itakaa muda gani mbele ya watu.

Kuchora nilijua. Muda sikuujua.

Yeye hugonga meza kwa penseli, nami nageuza picha. "Usigeuze mkono ukichoka," huniambia. "Geuza jicho likishamaliza." Mbu anatua: upesi. Mtoto anatetemeka kwa homa: iache ikae, mpaka anayetazama aone vibaya. Nimempenda kwa mafunzo hayo, na ndiyo maana aibu yangu ni kubwa zaidi.

Kisa chenyewe ni chepesi. Mpiga dawa ya mbu anafika kwenye nyumba, anapiga hodi, anakaribishwa, anapuliza dawa ukutani. Nilimpa uso wa Ami Faki, mdogo wake baba, kwa kuwa ndiyo kazi yake huko Vitongoji na nilitaka afurahi.

Baada ya hodi nilichora picha ya kusubiri. Ami kaupa mlango mgongo, anatazama mikarafuu ya jirani. Ndani, mama anajitanda kanga. Niliiandikia muda mrefu kuliko zote.

Bwana Mkubwa akasimama mbele yake. "Hapa mwendo unakufa. Kuna kinachotokea hapa?"

Aliniuliza. Hakunilazimisha.

Nikasema, "Hapana, Bwana." Nikaibandua kwa mkono wangu.

Nilijua kinachotokea. Ndani ya ule ukimya mwenye nyumba anapata nafasi ya kuwa mwenye nyumba, na mgeni anaonyesha kuwa anaijua heshima yake. Maneno hayo ninayo sasa. Siku ile nilikuwa na hofu tu.

Jumamosi alasiri tulizijaribu picha Vitongoji, uwanjani mwa skuli. Mimi nageuza, Bwana Mkubwa kashika saa. Watu walimcheka mbu, wakanyamaza kwa mtoto. Mwendo ulikuwa mzuri ajabu. Kisha Ami akapiga hodi, ndani mama yuko kichwa wazi, na picha iliyofuata Ami keshaingia.

"Lo! Kaingia!"

"Faki!" akapiga kelele Bi Mize, kikongwe asiyekosa la kusema. "Kumbe ndivyo uingiavyo kwa watu? Basi mie ntalala na buibui!"

Uwanja mzima ukacheka. Ami naye akacheka, akampungia mkono. Ndipo kijana mmoja aliyeoa juzi juzi akasema, bila kucheka, "Na mimi asubuhi huwa shamba."

Kicheko kikakatika.

Bwana Mkubwa alikuwa amekwisha kuandika: vizuri sana.

Leo Ami kaja ofisini, karowa chapachapa, bomba la dawa mgongoni. Hakuingia, alinisubiri barazani.

"Mwanangu, hawanifungulii. Wanambia niiwache dawa mlangoni, watapuliza wenyewe. Yule bwana harusi kamkataza mkewe hata kuniamkia. Nimewakosea nini, we uliyesoma?"

"Ni picha tu, Ami."

Akanitazama mpaka nikainamisha macho. "Picha yangu," akasema, akashuka barazani.

Ni picha tu! Sijui jibu hilo lilinitokaje.

Alhamisi ubao wote unakwenda Unguja kwa meli, picha zikapigwe filamu. Zikishapigwa, gari la sinema litamwingiza Ami kwenye nyumba ya watu bila ruhusa kutoka Mtambile mpaka Shumba, kisiwa kizima, na hapatakuwa na wa kumsafisha.

Nimeichora upya ile picha ya kusubiri. Kesho asubuhi nitaiweka mezani kwa Bwana Mkubwa na nitamwambia kwamba aliponiuliza, nilimdanganya. Huenda akanifukuza. Lakini hata akikubali, filamu itamwokoa Ami kwingine, si Vitongoji. Pale wameshaona.

Kwa hiyo, kama wewe ni wa Vitongoji, na uko tayari kuwa wa kwanza kumfungulia, usinitafute ofisini. Pita kwenye duka la vitambaa mkabala na soko, mwambie mshonaji wa barazani kuwa unamtaka karani wa picha. Hatakuuliza zaidi. Taja siku tu. Nitakuja na Ami, nisimame naye nje, hata kwa mvua, mpaka utakapotuita.