Spika Zilinguruma Kabla ya Simu Kulia

Mpendwa Shangazi Nyambu,

Nakuandikia nikiwa nimejificha nyuma ya kibanda changu cha mitumba hapa Kitale, na naomba ukiisoma redioni usitaje soko, majina nimeshayabadilisha, maana mume wangu Wachira husikiliza kipindi chako kila siku akichapa barua za watu, na sitaki ajue bado kwamba najua.

Wachira ana duka la kompyuta, na mwaka huu alinunua spika za mezani kwa jamaa mmoja wa Suam, zile zinazochomekwa kwa stima zenyewe, na kwa ubavu zina waya za kuchajia simu, ya kichwa chembamba na ya kichwa kinene, kwa hivyo wateja huja kuchaji wakisikiliza nyimbo, na simu yake mwenyewe hulala hapo juu mchana kutwa. Sasa Shangazi, unajua spika zikiwa karibu na simu, kabla simu haijaita zinanguruma, trr-trr-trr, na hivyo ndivyo nilivyomshika, kwa sababu siku hizi akiniona naingia anazima mlio wa simu, anafikiri amemaliza, kumbe spika zinamchoma, zinatoa siri yake, zinanguruma na yeye anairukia anatoka nayo nje.

Mimi nilijua tu ni mwanamke. Na kweli ni mwanamke, lakini ni mama yangu.

Sisi ni Wabukusu wa Sirisia, na kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawaketi chumba kimoja wala hawashikani mikono, tangu Wachira anioe akija kwetu anakaa kwa nyumba ya kaka yangu na chakula anapelekewa huko, na yeye, Mkikuyu wa Kitale, aliishika hiyo heshima vizuri hata wazee wakamsifu. Sasa hao wawili wana maneno gani ya kila siku? Juzi Wachira alitoka kuongea na mteja, spika zikanguruma, nikaona imeandikwa Mama Sirisia, nikapokea nikanyamaza, na mama akadhani ni yeye, akasema, "Nekoye amekubali. Lakini dadake asijue kwanza, bado ana kidonda cha Pasaka, atavunjika." Nikakata.

Nekoye ni mdogo wangu. Pasaka ndipo mimba yangu ya pili ilipotoka. Si unaona, Shangazi? Zamani kwetu mke akikosa mtoto, mdogo wake aliletwa amsaidie kuzaa, na mama yangu ameamua kuirudisha hiyo mila, na mume wangu amekubali. Ushahidi ninao. Nekoye ameacha kazi yake ya hoteli kule Kachibora bila kuniambia, amerudi kwa mama. Wachira ameenda Eldoret mara mbili ati kutafuta wino wa mashine, amerudi bila wino na chakula hataki. Na mama mwenyewe, nilipoenda kumwona baada ya Pasaka, hakuniangalia machoni, alikuwa amejifunga leso mpaka kifuani na jua linawaka, nilipotaka kumkumbatia akarudi nyuma, akanipa mkono wa kulia huku wa kushoto ameubana ubavuni, hata sufuria ya chai aliita jirani amwinulie. Hiyo ni aibu ya mtu anayenizunguka.

Kwa hasira nikatoa laini kwa simu ya Wachira nikaificha ndani ya kopo la majani chai. Anaitafuta kama mwendawazimu, amemwita Kipruto wa boda boda mwizi mbele ya wateja kwa sababu alikuwa anachaji siku hiyo, na nambari zote zilikuwa kwa hiyo laini, hakuna hata moja anayoijua kwa kichwa. Spika zimenyamaza. Sasa anasema Ijumaa anaenda Sirisia peke yake, yeye ambaye hajawahi kukanyaga kwetu bila mimi. Nifungashe vitu vyangu kabla hajarudi na Nekoye, ama niwangoje mlangoni tupigane watu wakiona? Nisaidie, silali.

Mke wa Mchapaji, Kitale

*

Shangazi Nyambu anajibu:

Mke wa Mchapaji, pole sana kwa mimba zako mbili zilizotoka. Naanza na hilo kwa sababu wewe umelipitia mbio, na nadhani uchungu huo ndio umekufumba macho.

Sasa nikugombeze. Ulisikia sauti ya mama yako ukanyamaza. Halafu ukamfungia njia, na ukamwacha Kipruto wa watu aitwe mwizi. Yote hayo kwa kesi uliyoisikiliza peke yako ukaihukumu peke yako.

Mimi si daktari wala si mganga, siwezi kukuambia mama yako ana nini. Lakini nimeisoma barua yako nikairudia, na huo ushahidi wako hauongei habari ya ndoa hata kidogo. Mama anayepanga kuoza binti hakatai kukumbatiwa na mtoto wake. Haiti jirani amwinulie sufuria ya chai. Huyo mama ana maumivu, dada, na yako upande wa kushoto, chini ya hiyo leso. Wino uko Kitale. Eldoret watu wa kwenu wanaenda kutafuta madaktari. Na kama Nekoye alikuwa anakuja kwa mume wako, mbona ameenda kukaa na mama? Alichokubali ni kuacha kazi akamuuguze mama.

Unauliza kwa nini mama amwambie Wachira, mtu asiyeweza hata kumpa mkono. Mimi naona ni kwa sababu hiyo hiyo. Kwenye simu hawaonani. Anasema machache, anaeleweka, na heshima yake inabaki. Wewe alikuogopea, hicho kidonda cha Pasaka ni chako. Wamekosea kukuficha, na utawaambia hivyo, lakini baadaye.

Naweza kuwa nimekosea mimi. Kama kweli ni mke mwenza, niandikie tena, tutawagombeza pamoja. Hiyo haina haraka. Hii nyingine inayo.

Barua yako imenifikia leo, na Ijumaa uliyoitaja imeshapita, sijui kama Wachira alienda. Muda wote huo mama yako anapiga nambari isiyopatikana. Kama Wachira yuko hapo dukani anasikiliza, afadhali. Mwambie ni wewe uliyetoa laini, na wewe na yeye mkamwombe Kipruto msamaha mbele ya wale wale waliosikia akiitwa mwizi. Kesho asubuhi usifungue kibanda. Nendeni Sirisia wote wawili. Yeye akae kwa kaka yako kama kawaida, wewe uingie kwa mama, umwombe akuonyeshe panapouma.

Lakini kwanza nenda kwenye lile kopo, sasa hivi, kabla kipindi hakijaisha. Rudisha laini, weka simu juu ya spika, ukae hapo. Zikinguruma, pokea. Safari hii usinyamaze. Sema, "Mama, ni mimi."